Chati ya saa kumi iliyojazwa saa nane

Wadogo zangu wauguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, juzi saa nane usiku nilipita kitanda cha tatu nikakuta chati ina vipimo vya saa tisa na saa kumi. Presha, mapigo, saturesheni (oksijeni ya damu), sukari, vyote vimeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Mwenye zamu ni kijana hodari, mgonjwa wake msafi, mdomo umesafishwa. Nilimwita pembeni tukaongea. Nawaandikia na ninyi kwa sababu yeye si wa kwanza, na kuwaona mkipita njia niliyopita mimi kunaniuma.

1. Ukipokea zamu, anza na mgonjwa, monita baadaye. Mshike mkono, sikiliza kifua pande zote mbili, soma mrija wa kupumulia umefungwa sentimita ngapi mdomoni, andika. Kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Ambu, ule mfuko wa kupumulisha kwa mkono, ikae kitandani, umeme ukikatika haupigi hodi.

2. Alamu hainyamazishwi mpaka ujue inalilia nini. Nawaona mnavyoibonyeza huku mnapiga soga, kidole kimeshaijua njia chenyewe!

3. Sukari. Hapa nivumilieni.

Mwaka wangu wa pili ICU, hospitali nyingine, nilikuwa na wagonjwa wawili usiku. Mmoja ni baba wa makamo mwenye kisukari na maambukizi makali ya damu, yuko kwenye mashine ya kupumulia, amelazwa kwa midazolamu, dawa ya usingizi, insulini inaingia kwa pampu uniti nne kwa saa. Agizo: sukari kila saa. Saa tano alipelekwa kupigwa picha ya CT, uji wa mrija wa puani ukasimamishwa. Aliporudi niliunganisha kila kitu, uji nikausahau. Insulini ikaendelea kushusha sukari.

Saa saba mgonjwa wa pili presha ikaporomoka, nikawa kwake na daktari kwa saa moja na nusu. Niliporudi kwenye chati ya yule baba, saa sita sukari ilikuwa 9.2 (milimoli kwa lita). Nikaandika saa saba 9.0, saa nane 8.8. Sikumchoma kidole. Nilijiambia inashuka taratibu, ya saa tisa nitapima.

Saa tisa mwenzangu alikuja tumgeuze. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakitazama: kimelowa. Mto chini ya shingo ulikuwa umelowa pia. Mapigo 134. Nikasema ni joto, kiyoyozi kimeharibika. Hakunijibu, alichukua glukomita, kipima sukari. 1.3. Tulizima insulini, tukasukuma mshipani dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 50, mililita 50, na baada ya dakika kumi na tano ikapanda hadi 7. Mtu aliyelazwa kwa dawa hawezi kukuambia anatetemeka au anaona giza. Jasho lile ndilo lilikuwa neno lake pekee.

Daktari akasoma chati, akauliza 8.8 imekuwaje 1.3 ndani ya saa moja. Akahisi glukomita ni mbovu, akaamuru iwekwe kando, tukaazima wodi ya jirani. Nilisimama pale nikanyamaza. Nilimweleza inchaji, muuguzi mkuu wa wodi, saa moja na nusu asubuhi, baada ya kukabidhi zamu. Kwa saa nne na zaidi niliwaacha watu waamini namba nilizotunga.

Dawa ya usingizi ilipositishwa, baba alifumbua macho lakini kwa siku sita hakumtambua mkewe. Ni maambukizi au ni sukari, hakuna aliyeweza kutenganisha. Mama yule alikuwa akiniita mwanangu. Nilikaa naye kwenye benchi nje ya mlango, pamoja na daktari na inchaji, nikamwambia nilichofanya. Alinishika mkono, hakusema kitu. Fahamu za mumewe zilirudi polepole.

Utafiti wa NICE-SUGAR wa mwaka 2009, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000, ulionyesha waliobanwa sukari kati ya 4.5 na 6 walikufa zaidi ya waliowekewa lengo la 10 au chini. Walioshuka sukari vibaya walikuwa asilimia 6.8 kwa waliobanwa, 0.5 kwa wale wengine. Kwa hiyo msishangilie sukari ya 5 kwa mtu aliye kwenye insulini. Na uji ukisimama, ulizeni kuhusu insulini dakika hiyohiyo.

Ukikosa kupima, andika "haikupimwa" na sababu. Nitafoka, ndiyo. Nitafoka kisha nitakuja kukusaidia kupima.

4. Potasiamu haisukumwi moja kwa moja mshipani, kamwe. Geuza kila saa mbili. Mwite mgonjwa kwa jina hata akiwa usingizini.

5. Ukizidiwa, ita. Usiku ule mwenzangu alikuwa hatua sita kutoka kwangu na hakuwa na shughuli. Sikumwita kwa kuona haya ya kuonekana mzito. Yule kijana wa juzi naye alikuwa na wagonjwa watatu, na mimi nilikuwa chumba cha pili nikipanga dawa.

Alizikata zile namba kwa mstari mmoja mmoja, akasaini pembeni. Saa tisa ilipofika tulipima pamoja. Ilikuwa 3.1. Chatini alikuwa ameandika 8.6.