Mliuliza kuhusu simu ya mtoto, nami nawajibu kuhusu mjomba wake

Wahariri, swali lenu la wiki kwa wasomaji lilikuwa hili: likizo hii ya Agosti, mwanafunzi aachiwe simu ajifunze kuhusu nchi yake, au anyimwe kwa ajili ya usalama wake mtandaoni? Nilipolisoma nilisema kwa sauti, "Anyimwe," mke wangu akaniuliza ninazungumza na nani. Mimi ni mzee wa reli niliyestaafu, naishi Makadara, na shule zikifungwa wajukuu huletwa kwangu kwa kuwa wazazi wao hutoka kwenda kazini alfajiri. Simu wanayotumia ni yangu, na bando ni langu. Kwa hiyo swali lilinigusa mfukoni kabla ya kunigusa moyoni.

Lakini kabla sijapiga kura, niwape habari ya mjukuu wangu wa Gredi ya 8. Walimu wao waliwapa kazi ya likizo: watembelee mahali pamoja pa kihistoria hapa Nairobi, waandike kurasa mbili, na warekodi video fupi kwa simu ya mzazi au mlezi. Yeye alitaka kwenda Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, akamwone ndovu Ahmed wa Marsabit, yule aliyelindwa kwa amri ya Mzee Kenyatta. Nikamwambia Ahmed ni sanamu, atamngoja. Mjukuu wa mtu wa reli aanze na Makumbusho ya Reli. Tukapanda treni Makadara hadi stesheni kuu, tukamalizia kwa miguu. Mjomba wake alitukuta langoni. Sikuwa nimemwalika, lakini mjomba ni mjomba.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, na kila nikiingia husahau vichwa vya treni vyote nikaenda moja kwa moja kwenye behewa la Ryall. Mnaolijua mtanivumilia, kwa sababu hapa sitaharakisha.

Mwaka 1900 reli ilikuwa imeshafika Nairobi, ikielekea Kisumu. Pale Kima, ambayo leo iko Makueni, simba alikuwa akila watu wa reli. Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, akaamua kumvizia. Behewa likaegeshwa kando ya stesheni, ndani wakiwa wanaume watatu: yeye, Huebner na Parenti. Huebner akapanda kitanda cha juu, Parenti akajinyoosha sakafuni, na Ryall akashika zamu ya kwanza karibu na dirisha. Akasinzia. Simba aliyekuwa akiviziwa naye alikuwa akivizia. Akaingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga nyuma yake. Sasa wako wanne ndani, gizani, na aliye sakafuni anakanyagwa na miguu ya nyuma ya simba. Simba akatoka kwa dirishani na Ryall mdomoni.

Mjukuu wangu alisimama mbele ya dirisha hilo akalipima kwa mikono. "Babu, simba mzima anapita hapa?" Nikamwambia anapita, na mtu juu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna video ya TikTok aliyoonyeshwa na mwenzake, inayosema Ryall aliliwa na wale simba wawili wa Tsavo, waliokuwa wakila wajenzi wa reli. Hapo nilifurahi, maana nilipata nafasi ya kukemea simu. Nikamweleza kwamba simba wa Tsavo waliuawa na Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja la reli pale Tsavo, mwezi Desemba 1898, kwa hiyo hawangeweza kumla mtu Juni 1900. Tazama kile kifaa kinavyowadanganya, nikasema.

Naye akaniuliza, "Kwani hao wa Tsavo wako chumba gani?"

Nikamjibu hawako hapa. Patterson aliwauza katika miaka ya 1920, wako Field Museum, Chicago, Marekani. Hutawaona. Akasema, "Nitawaona," akachukua simu yangu. Baada ya muda mfupi tulikuwa tumeinama sote wawili juu ya kioo tukiwatazama simba wa Tsavo, madume yasiyo na manyoya shingoni. Nimefanya kazi kwenye ile njia miaka yangu yote ya ajira, nimepita Tsavo usiku na mchana, na sikuwa nimewahi kuziona sura zao. Akasoma pia kwamba Patterson alidai waliua watu 135, na kwamba uchunguzi wa mifupa na manyoya yao uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria karibu 35. Akaniuliza, "Niandike ipi?" Nikasema andika zote mbili, na useme nani alisema. Sijui kama hilo ni somo la historia au la mtandao.

Kufikia hapo, nakiri, kura yangu ya "anyimwe" ilikuwa imeanza kulegea. Kipande kikubwa cha nchi hii kimefungiwa kwenye makabati ya watu ng'ambo, na mtoto wa Makadara hana nauli ya Chicago.

Sasa tuje kwa usalama. Msichana alirekodi video yake, akaniambia haitumi popote hadi tufike nyumbani, na kwamba itaenda kwa mwalimu peke yake. Sikumfundisha mimi, walifunzwa shuleni usitangaze mahali ulipo ukiwa bado upo. Alikuwa amevaa sweta ya shule, kwa kuwa baridi ya Agosti ya Nairobi mnaijua na sweta yake nyingine ilikuwa kwenye kamba. Mjomba akampiga picha kando ya behewa, beji ikionekana vizuri, akaibandika Facebook pale pale: jina la mtoto, shule yake, gredi yake, na makumbusho tuliyomo. Mtoto alisema, "Anko, tafadhali usiweke." Anko akacheka, akasema acha dunia ione mpwa wake ana akili.

Dunia ikaona. Mtu asiyemfahamu akamwandikia mjomba kwamba anaandaa shindano la wanafunzi wanaopenda historia, na angependa namba ya huyo binti. Mjomba, kwa furaha, akatoa namba. Namba yenyewe ni yangu.

Ujumbe uliingia jioni, mtoto akiandika kurasa zake mbili mezani na simu ikiwa kando yake. Hongera, umechaguliwa, tuma picha nyingine ukiwa peke yako, bila sweta, na usimwambie mtu mpaka washindi watangazwe. Aliniletea simu jikoni. "Babu, huyu ameanza kusema nisiwaambie. Mwalimu alisema mtu akifika hapo, unamwonyesha mtu mkubwa." Mimi nilitaka kumpigia yule mtu nimpe matusi ya karakana. Mtoto akanizuia: tupige kwanza skrinishoti za ujumbe na namba, ndipo tumfungie, maana ukifuta huna ushahidi. Tukapiga 116, ile namba ya bure ya watoto, wakatusikiliza vizuri na kutueleza la kufanya.

Kisha tukaenda kituo cha polisi, ambacho sitakitaja. Afisa aliyekuwa kaunta aliandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio, sina lawama hapo. Lakini swali lake la kwanza, kabla ya kuuliza aliyeandika ni nani, lilikuwa: "Kwani huyu mtoto anafanya nini na simu?"

Wahariri, swali lenu ni la yule afisa. Ndiyo maana nimeandika barua ndefu hivi.

Mtoto hakutoa jina lake. Hakutoa shule, wala picha, wala namba. Vyote vilitolewa na mtu mzima mwenye kitambulisho na kadi ya kura. Nasi watu wazima wa mji huu tuna ujasiri gani wa kuhubiri? Ni mwaka 2023 tu watu walijazana kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC wakipanga foleni ili mashine ya mradi wa Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, kwa sarafu za kidijitali zilizosemekana kuwa na thamani ya kama Sh7,000, hadi serikali ikasimamisha. Hakuna aliyependekeza wanyimwe simu.

Sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya hapa Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo inayaacha nje mambo ya mtu binafsi na nyumba yake. Shule inaogopa faini. Mjomba haogopi chochote.

Kwa hiyo kura yangu nimeigeuza: apewe. Lakini msinichapishe kama mtetezi wa simu. Nasema apewe simu ya mkubwa, si yake. Aitumie sebuleni au mezani, si chini ya blanketi. Na bando liwe la kazi, likiisha limeisha. Nasema hivyo kwa mtoto huyu, ambaye mwalimu wake alimfunza vizuri. Ndugu yake wa Gredi ya 4 anakuja Desemba na ameshaanza kumtuma mama yake aniombee. Huyo bado namnyima, na mkinishika niwape sababu ya tofauti hiyo nitasema tu namjua.

Mjomba nimemwambia aifute ile picha. Ameikata sehemu ya beji, akaibandika upya. Anasema haiwezi kufutwa sasa, imepata laiki nyingi.

Mzee wa Reli, Makadara