Kisukari, Chumba Kimoja na Bei ya Makaa

Mgonjwa wa kisukari au wa presha anayeishi Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, huambiwa ale mboga, maharagwe na nafaka zisizokobolewa. Ushauri huo ni sahihi, lakini mara chache anayeutoa humuuliza mgonjwa anapikia wapi, kwa moto gani na kwa maji ya bei gani.

Suala hili lina mizizi katika ubaguzi wa rangi. Mwaka 1913 daktari Mwingereza, W. J. Simpson, alipendekeza Nairobi igawanywe kwa misingi ya rangi, na kwa miongo mingi Wazungu walikaa kwenye miinuko yenye nafasi na bustani, Waasia wakajazana Ngara na Parklands, nao Waafrika wakasukumwa mashariki mwa mji. Kwa kuwa serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa kibarua aliyeiacha familia yake mashambani, makazi mengi aliyojengewa yalikuwa pa kulala tu, si pa kupikia watoto. Ubaguzi huo wa makazi ulifutwa zamani, ila chumba kimoja kisicho na jiko wala mfereji bado ndiyo nyumba ya maelfu ya familia, na anayenunua makaa kwa kopo na maji kwa mtungi hulipa zaidi kuliko mwenye mfereji wake. Maharagwe makavu yanahitaji saa kadhaa za moto, ilhali chipsi za kibandani ziko tayari. Simlaumu mtu anayechagua chipsi.

Mama yangu alipopatikana na kisukari, kliniki moja ilimpa karatasi ya lishe iliyotaja brokoli na mafuta ya zeituni. Terere (mchicha), managu (mnavu) na omena (dagaa), vitu anavyovinunua karibu na mlango wake, havikuwamo. Tuliiweka kando tukaanza na kinachopatikana mtaani. Maharagwe na githeri (mahindi yaliyochanganywa na maharagwe) tunanunua yakiwa yameshachemshwa, kwa kina mama wanaoyauza kwa kikombe, lakini ni lazima umuulize muuzaji kama ametia magadi ili yaive upesi, kwa sababu magadi yana sodiamu kama chumvi, na mwenye presha hapaswi kuyala bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na viungo vya pakiti huongeza chumvi hiyo kimyakimya. Ukipika mwenyewe, loweka maharagwe usiku kucha. Unga wa ugali tunausagisha kwa posho mill bila kukoboa, ingawa kipande cha ugali bado kinabaki kidogo na mboga ndizo zinazojaza sahani. Dawa haziachwi.

Mboga zilizopandwa kwenye gunia mlangoni zinasaidia, mradi udongo na maji ni safi. Zile zinazomwagiliwa majitaka ya kandokando ya mito yetu zinanitia hofu, kwa hiyo muulize mama mboga zinakotoka.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kaunti inapoita wananchi kujadili bajeti, nenda ukadai maji ya mfereji mtaani kwenu na soko lenye paa na mitaro, na uwataje wagonjwa wa nyumbani kwako unapodai.