Maswali ya wasomaji: Mkaguzi wa kituo cha nyuklia anakagua nini siku ambayo hakuna ajali?

SWALI: Dada, habari za kazi. Nasoma uhandisi mwaka wa pili. Mwalimu wetu alitugusia kwamba vituo vya umeme wa nyuklia kule Marekani vinafanya zoezi kubwa la dharura kila baada ya miaka 2, wakaguzi wanakuja wanaangalia afu wanaandika ripoti. Sasa hapo ndo sielewi. Tarehe inajulikana miezi kabla, kila mtu anavaa vesti yake safi anajipanga, si ni kama mtihani uliovuja? Mkaguzi anaambulia nini?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Swali lako ni zito, maana wadhibiti wenyewe lilishawakera. Tarehe kweli inajulikana, na haiwezi kufichwa kwasababu zoezi linagusa polisi, zimamoto, hospitali, maafisa wa jimbo na wa kaunti, huwezi kuwashtukiza wote hao siku moja. Kinachofichwa ni senario, yani kisa cha ajali watakachoigiza. Watu wa kontroo rumu, chumba cha kuendeshea kituo, hawajui kama leo pampu itakufa au bomba litapasuka au umeme wa nje utakatika, wanapewa dalili moja moja kadri saa zinavyokwenda na wao waunganishe wenyewe. Tatizo likawa senario zenyewe zilianza kufanana, yani kila zoezi lazima kinu cha nyuklia kiharibike taratibu na mwisho mionzi itoke nje, kwahiyo watu wakawa wanaruka mbele kabla ya ushahidi, wanatangaza dharura kuu, ngazi ya juu kabisa, kwa mazoea tu. Kanuni za mwaka 2011 za Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani zikaja kulivunja hilo, sasa ndani ya mzunguko wa miaka 8 senario lazima zibadilike, mojawapo iwe ya kituo kushambuliwa na watu, na nyingine mionzi isitoke kabisa au itoke kidogo sana, ili anayekimbilia kutangaza kwa mazoea aonekane.

Afu ujue haya yote yametoka wapi. Machi 28, 1979 kinu namba 2 cha kituo cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, kilipoteza maji ya kupoozea na sehemu ya mafuta yake ya nyuklia, yani urani, ikayeyuka. Mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo, lakini taarifa zilivurugika vibaya sana. Siku ya pili baada ya hapo helikopta ilisoma kipimo cha miliremu 1,200 kwa saa (miliremu ni kizio cha kupimia mionzi), kipimo kilichukuliwa juu kabisa ya bomba la kutolea hewa, ila kilipofika kwa waliokuwa mbali wakakielewa kama ni kipimo cha huko nje wanakokaa watu. Ikaanza mizozo ya kuhamisha au kutohamisha, siku hiyohiyo gavana akashauri wajawazito na watoto wadogo ndani ya maili 5 waondoke, na mwisho wa yote watu kama 140,000 wakaondoka. Namba ilikuwa sahihi, aliyeipokea hakuambiwa imesomwa WAPI. Mimi hicho kisa sikisahau, na ndo maana nasema mkaguzi mzuri anatumia masikio kuliko macho.

Baada ya hapo ndo zikaingizwa kwenye kanuni kanda mbili, maili 10 kuzunguka kituo kwa ajili ya watu kujikinga na wingu lenyewe la mionzi, na maili 50 kwa ajili ya chakula, maziwa na maji. Na saa zikawekwa. Dalili zikishaonekana, kituo kina dakika 15 kuamua ni ngazi gani kati ya 4, kuanzia tukio lisilo la kawaida, tahadhari, dharura ya eneo la kituo, mpaka dharura kuu. Wakishatangaza wana dakika 15 nyingine kuwafikishia taarifa jimbo na kaunti. Tume yenyewe inaambiwa baada ya hao, isizidi saa 1. Mpangilio huo ni mzuri, anayekaa jirani na kituo anajulishwa kabla ya bosi.

Sasa nikwambie nilichoona mwenyewe. Niliwahi kuruhusiwa kukaa pembeni kwenye zoezi la namna hii, kituo sikitaji. Dharura ilitangazwa saa 3:52 asubuhi. Kijana akachukua fomu, akajaza, akapiga simu, kila anapoanza na kumaliza anasema "hili ni zoezi, hili ni zoezi", upande wa pili wanamrudishia alichosema neno kwa neno. Saa 4:06 akakata simu. Dakika 14! Chumba kizima kikashusha pumzi. Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yake na daftari dogo, hakusema kitu, aliandika mstari mmoja akafunga.

Jioni wakakaa kujitathmini wenyewe, na hapa mdogo wangu ndo jibu lako lilipo. Msimamizi alianza na pongezi, muda tumeutunza, mawasiliano mazuri, nk. Mkaguzi kimya. Ikaenda kama nusu saa hivi hadi fundi mmoja wa vipimo akanyoosha mkono, akasema jamani kwenye ile fomu ya kwanza upepo umeandikwa kinyume. Kumbe kifaa cha hali ya hewa kinaonyesha upepo unakotoka, kama sisi tunavyosema kusi ni upepo wa kutoka kusini, na fomu ilikuwa na sehemu inayouliza unakokwenda, yule kijana akanakili namba ileile. Yani kwa karatasi ile wangehamishwa watu wa upande salama, na wale ambao wingu linawaelekea wangeambiwa tulieni. Chumba kikanyamaza. Msimamizi akasema liandikwe kama kasoro. Baadae nikamuuliza mkaguzi kama yeye aliona, akafungua daftari, ule mstari mmoja wa asubuhi ulikuwa ni huohuo. Alikuwa anasubiri aone kama watajikamata wenyewe. Kukosea kwenye zoezi kunavumilika, zoezi ndo mahali pa kukosea, ila kituo kikikosea afu kwenye kikao chake chenyewe kisilione kosa, hilo ndo linaandikwa kwa wino mzito.

Na zoezi kubwa ni kipande tu. Kuna wakaguzi wa tume wanaofanya kazi palepale kituoni mwaka mzima, na wengine wanakuja kutoka ofisi za kanda. Hawa wanafungua makabati. Wanachukua kipimo cha mionzi wanasoma stika ya kaliburesheni, yani kuhakikiwa usahihi wake, kama tarehe imepita hicho kifaa ni pambo. Wanabonyeza betri. Wanaangalia rekodi za ving'ora, vimejaribiwa lini na vingapi viligoma. Wanapitia majina ya watu wa zamu ya dharura, nani mafunzo yake yamekwisha muda, nani amefuga ndevu wakati kazi yake inataka avae barakoa ya kubana uso, kwasababu barakoa haishiki juu ya ndevu na hewa chafu inapita. Wanaangalia rekodi za watu kuitwa usiku bila taarifa, simu ngapi zilipokelewa na nani alifika kwa wakati. Huo mtihani hauvuji.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu. Nasikia jirani na vituo hivi watu wanagawiwa vidonge vya iodini. Je, ukimeza unakingwa na mionzi yote? Na hao wakaguzi wanavihesabu?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hapana, havikingi yote, na naomba nilisisitize hili kwasababu watu wanaweza kumeza kidonge wakakaa barazani wakijua wako salama. Kidonge kinalinda tezi ya shingo peke yake, tena dhidi ya iodini yenye mionzi peke yake. Tezi inapenda iodini, ukiijaza na ile safi mapema inakuwa imeshiba, ile chafu ikija haipati nafasi. Ukichelewa sana faida inaisha. Seziamu na vitu vingine vyenye mionzi havizuiliki na kidonge hiki hata kidogo.

Wanaohitaji zaidi ni watoto na wajawazito. Kituo cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka usiku wa Aprili 26, 1986 na mji wa Pripyat ulio jirani kabisa, watu karibu 50,000, ukaja kuhamishwa kesho yake mchana, kama masaa 36 hivi yamepita. Vijijini watoto wakaendelea kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini hiyo, na miaka iliyofuata saratani za tezi zikajitokeza kwa maelfu. Poland waliwahi kugawa iodini ndani ya siku chache, watoto zaidi ya milioni 10 wakapewa. Iodini 131 nguvu yake inapungua nusu kila siku 8, kwahiyo wiki za kwanza ndo za hatari, na kuzuia maziwa wiki hizo kuna faida kubwa sana, mzee wangu.

Kuhesabu wanahesabu, na tarehe za mwisho wanasoma. Ila swali kubwa wanalouliza ni nani mwenye mamlaka ya kusema "mezeni", na usiku wa manane anapatikanaje. Stoo ikijaa vidonge na hakuna anayejua hilo, ni sawa na hamna.

SWALI: Dada, kwanini usihamishe tu watu wote palepale ukisikia kuna shida? Hizo ngazi na fomu zote za nini?

JIBU: Ndugu yangu, kuhamisha nako kunaua. Kituo cha Fukushima Daiichi, Japani, Machi 2011, amri ya serikali kuu ilianza kilomita 3, ikawa 10, ikawa 20, yote ndani ya siku moja. Karibu na kituo kulikuwa na hospitali na nyumba ya wazee, wagonjwa wasioweza hata kukaa wakapandishwa mabasi bila madaktari wa kutosha, safari ikachukua masaa zaidi ya 10. Zaidi ya 40 walifariki safarini au muda mfupi baadae, na haikuwa mionzi iliyowaua. Kwa mgonjwa kama huyo kubaki ndani, madirisha yamefungwa, mpaka gari lenye vifaa lifike kungeweza kumwokoa. Kwahiyo mkaguzi anauliza hospitali kila kitanda kina gari gani, dereva ni nani, wanapokelewa wapi, na anaomba hesabu ya masaa mangapi kanda itachukua kuwa tupu mchana, usiku, mvua ikinyesha, shule zikiwa wazi.

Na hapohapo Fukushima kuna jambo linaniuma kila nikilisoma. Kulikuwa na jengo maalum la kuongozea dharura, kilomita kama 5 kutoka kituoni. Tetemeko likaja, umeme na mawasiliano vikafa, mionzi ikapanda ndani ya jengo kwasababu halikuwa na vichujio vya hewa, Machi 15 viongozi wakalikimbia wakahamia mji wa Fukushima. Vile vichujio ukaguzi wa serikali ulishavitaja mwaka 2009. Viliandikwa kwenye ripoti, na havikufungwa.