Fidia ikilipwa, niache kazi? Jibu la mwalimu aliyeuza viwanja Ihumwa

Mleta mada anasema familia yake inasubiri kulipwa fidia ya mashamba yaliyotwaliwa pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kwamba fungu lake peke yake litazidi mshahara wa miaka mingi anaoupata akiwa mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi, na anauliza kama kuna mtu mwenye akili timamu anayeendelea kudamka kwenda kutumwa baada ya kushika fedha za namna hiyo. Waliojibu kabla yangu wamegawanyika: wapo wanaosema wangeandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo, na wapo wanaosema kazi ndiyo utu, hivyo wasingeacha hata wangepewa bilioni. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika sekondari ya Serikali hapa Dodoma, niliuza viwanja kwa bei ambayo sikuwahi kuiota, na mpaka leo naingia darasani. Naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu pande zote mbili zimeruka jambo moja ambalo kwa mtu wa hapa kwetu ndilo kubwa kuliko yote.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini wengi tuliuchukulia kama maneno ya kampeni. Ndiyo maana nilipokopa kwenye chama cha akiba na mikopo nikanunua eneo upande wa Ihumwa, walimu wenzangu walinicheka kwamba nimenunua miiba. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote itahamia huku, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, jirani kabisa na miiba yangu, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Niliuza kwa mafungu, kipande baada ya kipande. Kiasi sitakitaja, ila wanunuzi wengine walikuwa wakinipigia simu nikiwa darasani, na bei waliyoitaja asubuhi ilikuwa imeshapitwa na ya mwingine kufikia jioni.

Kabla ya kujiuliza kama utaacha kazi, fanya hesabu kwanza, kwa maana neno "utajiri" linatumika ovyo katika mada hii. Chukua shilingi milioni 100 na uzinunulie hati fungani ya Serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba. Toleo nililonunua mimi lilikuwa na riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kwa mwaka bila kukatwa kodi, kwa hiyo milioni 100 inakuletea shilingi 12,560,000, yaani kama shilingi 1,046,000 kwa mwezi. Ni hela ya heshima. Hata hivyo haipandi daraja, na bei za vitu zikipanda kwa asilimia 3 tu kila mwaka, baada ya miaka 24 hela hiyo hiyo itanunua nusu ya kile inachonunua leo. Anayesema ataacha kazi kwa milioni 100 akiwa na miaka 32, akiwa na watoto ambao bado hawajaanza shule, anajipangia mshahara mmoja usiopanda mpaka uzeeni.

Nilipopiga hesabu hiyo niliona kwamba sikuwa tajiri. Nilikuwa mwalimu mwenye kitu. Nilikuwa sijafikisha miezi 180 ya michango inayonipa haki ya pensheni, na kadi ya bima ya afya iliyotokana na ajira yangu ndiyo iliyokuwa ikimhudumia mama yangu katika kliniki ya kisukari. Sababu hizi si za kupendeza kuzisimulia, na mtu akiulizwa mbele za watu atasema anaendelea kufundisha kwa kuwa anawapenda wanafunzi. Nawapenda kweli. Lakini mwaka wa kwanza nilibaki kazini kwa sababu ya bima na pensheni, mapenzi yakafuata baadaye, hasa nilipoacha kuwafundisha nikiwa nimechoka.

Nilichokiacha bila kusitasita ni twisheni. Kabla ya hapo nilikuwa natoka shuleni saa tisa na nusu, nakula nimesimama, nakwenda kufundisha nyumbani kwa watu mpaka saa mbili usiku, kisha nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili nikisinzia, kiasi kwamba mwanafunzi mmoja alinirudishia daftari lake akionyesha kwamba nimempa alama ya vema kwenye swali ambalo hakulijibu. Fedha ilipoingia, jioni zangu zikarudi. Nikaanza pia kukataa mambo. Kipindi cha ziada cha Jumamosi ambacho hakikuwa na posho nilikikataa, na mkuu wa shule akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza.

Wenzangu nao walibadilika. Kadi za michango ya harusi, ambazo zamani zilikuja na mstari mtupu wa kujaza kiwango, zikaanza kunifikia zikiwa zimeshajazwa kwa kalamu: wenzangu elfu hamsini, mimi laki tano. Katika ofisi ya walimu nikawa naulizwa, kwa utani ambao haukuwa utani, kwa nini naendelea kukalia nafasi ambayo kijana aliye mtaani angeihitaji. Swali hilo lina uzito, wala sikuwa na jibu zuri la kuwapa, isipokuwa kwamba nafasi za walimu wa Hisabati hazijawahi kujaa katika shule yoyote niliyofundisha. Wanaoacha kazi baada ya kupata fedha, baadhi yao nina hakika hawaikimbii kazi yenyewe. Wanakimbia macho hayo.

Huko nje jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani, Morse na Weiss, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanaume 401 kama wangeendelea kufanya kazi endapo wangerithi fedha za kutosha kuishi bila shida, na asilimia 80 walisema ndiyo. Hayo ni maneno ya watu ambao hawajarithi chochote, kwa hiyo mimi nayapa uzito mdogo. Uchunguzi wa waliopata kweli una maana zaidi. Imbens na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa washindi wa bahati nasibu wa jimbo la Massachusetts, na mwaka 2017 Cesarini na wenzake wakafanya hivyo kwa Uswidi, ambako waliona kwamba kwa kila krona 100 (hela ya huko) alizoshinda mtu, kipato chake cha kazi kilipungua kwa takriban krona 1 tu kila mwaka. Kwa lugha nyepesi, wengi hawakuacha. Walipunguza, kama mimi nilivyoacha twisheni.

Hadi hapo ungeweza kudhani kwamba nakubaliana na kundi la pili. Tatizo ni kwamba mshindi wa Massachusetts na mimi tuna kitu kimoja ambacho mtu wa fidia hana: asubuhi iliyofuata, kazi yetu ilikuwa palepale tulipoiacha. Fedha ilikuja upande mmoja na kazi ikabaki upande mwingine, tukawa na uhuru wa kuchagua. Mkulima anayelipwa fidia hachagui. Hela anayopewa ni bei ya mahali alipokuwa akifanyia kazi, na siku inapoingia benki, kazi imekwisha.

Baba yangu mdogo alikuwa na mashamba upande huo huo wa mashariki, ya uwele, mtama na karanga, na kipande cha zabibu alichokianza uzeeni. Alilipwa. Alijenga nyumba nzuri Nzuguni, ya tofali za saruji na bati la rangi, akanunua makochi na friji, akawalipia wajukuu ada. Mwezi Novemba, mawingu yalipoanza kujikusanya, nilimkuta ameketi kwenye kibaraza saa kumi na mbili asubuhi, amevaa viatu vya mpira vya shambani, na jembe liko nyuma ya mlango. Hakuwa anakwenda popote. Nilipomsalimu, "Shikamoo baba," aliitikia, kisha akaniuliza kama naweza kumsaidia kutafuta ekari za kukodi upande wa Chamwino. Nikamwambia kwa hela aliyonayo anaweza kununua magunia ya uwele ya kumtosha miaka mingi. Akasema, "Mwanangu, kununua naweza. Sasa nikishanunua, kesho yake nifanye nini?"

Alikodi. Alilipa kodi ya shamba, alilipa trekta, alilipa vibarua wa palizi, alilipa gari la kusomba mavuno, na kwa hesabu niliyomfanyia mimi mwenyewe, gunia lake lilimgharimu zaidi ya bei ya sokoni. Mwaka uliofuata akakodi tena. Kwa maneno mengine, mtu aliyelipwa mamilioni aendelee na maisha yake alianza kulipa ili afanye kazi. Kilichomuuma zaidi ni majirani. Zamani siku ya palizi mtu alipika pombe ya mtama, majirani wakaja na majembe, shamba likaisha kwa siku moja huku watu wakiimba. Baada ya fidia majirani hao walitawanyika, mmoja Nzuguni, mwingine Chamwino, mwingine akarudi kwao Mpwapwa. Vibarua wa Chamwino walilima vizuri, wakachukua hela yao wakaondoka.

Sheria haikumsahau kabisa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na kanuni zake zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na hasara ya faida, yaani faida anayoikosa aliyetwaliwa ardhi. Hasara ya faida hupigwa kwa kuchukua faida halisi ya mwezi na kuizidisha kwa miezi 36, na uthibitisho wake ni hesabu za biashara zilizokaguliwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kuwa nazo. Mkulima wa uwele hana, maana hesabu zake ziko ghalani. Kwa hiyo analipwa ardhi, nyumba na mazao, lakini ile kazi ambayo ingeendelea kumpa mazao miaka yote inayokuja haionekani kwenye jedwali la mthamini.

Linganisha na Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani. Juni 2020 aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Alisema atajenga shule, na kwamba ng'ombe wake wapatao 2,000 ataendelea kuwachunga. Agosti mwaka huo huo akarudi na jiwe la tatu, la kilo 6.3. Watu walisema ana bahati, na kweli anayo, ila jiwe la tatu lilitoka kwa sababu shimo halikufungwa baada ya lile la pili. Ng'ombe walikuwapo, shimo lilikuwapo, na utajiri wake haukugusa chochote alichokuwa akikifanya.

Ndugu zangu mnaosema kazi ni utu, nakuombeni siku moja mpite chini ya vilima vya pembezoni mwa mji huu, mahali kina mama wanapoponda kokoto. Wanakaa juani na nyundo, wamefunga vipande vya mpira kwenye vidole, na vumbi lile wanalimeza kutwa nzima. Mwambie mmoja wao kwamba amepata milioni 100 uone kama atamalizia ndoo aliyoianza. Hatamalizia, na atakuwa sahihi. Kauli hiyo husemwa kirahisi na mtu mwenye kiti na feni. Jirani yangu aliyekuwa dereva wa bodaboda aliuza kiwanja cha urithi, akanunua bajaji mbili na kuwapa vijana wamletee hesabu kila siku, naye akabaki nyumbani. Anaendelea vizuri, amenenepa, haonyeshi dalili yoyote ya kujuta, na sioni kwa nini ajute.

Sasa nirudi kwa mleta mada. Wewe binafsi uko kwenye hali yangu: shamba likienda, kiti chako cha uhasibu kinabaki. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hela haijaingia, kwa sababu fidia hucheleweshwa na ahadi si hela mkononi. Ikiingia, omba likizo kwanza, ukae nyumbani uone siku zinavyokwenda. Kuacha hakuna haraka: kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya siku 28 tu, na notisi hiyo unaweza kuitoa mwezi wowote.

Ila umeandika pia, katikati ya maelezo yako, kwamba anayelima mashamba hayo mpaka leo ni mama yako, na hakuna aliyekuuliza habari zake. Yeye ndiye anayepoteza kazi katika jambo hili. Muulizeni anataka kulima wapi, kisha mtafute shamba sasa hivi, kwa mkopo mdogo au kwa makubaliano ya kulipa baadaye, kwa sababu tangazo la malipo likibandikwa kwenye ofisi ya kata, wote mliotwaliwa mashamba mtaingia sokoni wiki moja, na wenye mashamba ya vijiji vya jirani watajua mna hela. Baba mdogo alianza kutafuta miezi minne baada ya kulipwa, na ekari iliyokuwa na bei fulani kabla ya tangazo aliikuta bei yake imezidishwa mara tatu.