Ada Ililipwa, Paa Likazibwa: Na Nani, Mwanangu?

Barua hii ilikuwa ya kurasa nne. Nimeifupisha, lakini maneno ni yake.

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto 3, naishi Tomondo, Unguja, mwaka wa 11 huu katika ndoa. Niliokoka miaka 2 iliyopita na tangu hapo nyumba yangu nimeikabidhi kwa Bwana. Kila Jumanne na Alhamisi saa 2 usiku tunasoma Biblia sebuleni, na nimeweka daftari la shukrani ambalo kila mmoja lazima aandike kabla ya kulala. Mume wangu ni mpishi wa hoteli ya kitalii kule Kiwengwa. Neno likisomwa, yeye anasinzia. Kwenye daftari anaandika neno moja tu, 'Nashukuru.' Juzi nikiwa naombea chakula alinikatiza mbele ya watoto: 'Ukimaliza kumshukuru Mungu kwa hao samaki, nipe na mimi maji ya kunawa.' Mama yake tunaishi naye, naye ni Mkristo wa jina. Sala zake zote ziko kitabuni, na Ramadhani anapika tambi kumpelekea jirani. Nimeomba, nimefunga, nimewashirikisha wapendwa katika kikundi chetu cha WhatsApp waniombee mume aliyepoa kiroho. Sasa hanisemeshi, analala chumba cha watoto. Nifanye nini abadilike kabla nyumba haijaanguka?"

Marahaba, mwanangu, na pole. Kulala peke yako huku mwenye nusu ya kitanda yuko chumba cha pili anasikia unavyojigeuza si jambo dogo. Basi pole imekwisha, tuje kwenye barua.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nikawa napiga mstari chini ya vitenzi, maana mtu akitaka kuficha kitu katika Kiswahili hukificha humo. Kwenye kuomba, umeomba wewe. Kwenye kufunga, umefunga wewe. Ulikesha, ulikemea, ulisimama zamu, yote yana mwenyewe na mwenyewe ni weye. Lakini ukurasa wa pili waandika, "ada ya skuli ililipwa". Mistari mitano chini yake, "paa lilikuwa linavuja masika likazibwa". Ukurasa wa tatu, "Biblia yangu ya zipu nilinunuliwa". Na nani? Jini? Mtu kapanda juu ya bati katika mvua za masika, kateremka na lami mpaka kwenye viwiko, na katika barua ya kurasa nne hana hata kiambishi chake mwenyewe! Nimetafuta neno "asante" lililoelekezwa kwa huyo bwana. Halimo. Mungu umemshukuru mara kumi na moja, nimehesabu.

Sasa daftari. Wasema anaandika neno moja. Lakini ukurasa wa nne hamaki imekupanda ukanisimulia ilivyoanza, na nadhani hukukusudia. Wiki ya kwanza aliandika hivi: "Namshukuru Mungu leo wageni wamesifu supu ya pweza, meneja kaniita mbele ya wenzangu." Nawe ukachukua kalamu nyekundu ukamwandikia pembeni, "Andika mambo ya kiroho." Nyekundu, mwanangu! Mtu mzima, baba wa watoto watatu, kasahihishwa shukrani zake kama mtoto wa darasa la pili aliyekosea hesabu ya kutoa. Kesho yake ndipo alipoandika "Nashukuru" akatia nukta. Ile nukta imeniuma kuliko barua yako yote. Siku ile mumeo alikuwa na furaha, akaileta nyumbani, akaiandika mahali ulipomwambia aiandike, ukamrudishia na alama ya kosa. Ungekuwa wewe ungeandika nini siku ya pili?

Na hayo maneno ya samaki umeniletea kama ushahidi wa kufuru. Mie nilicheka mpaka mjukuu akaja kuniuliza nina nini. Halafu nikaacha kucheka. Umesema mwenyewe gari la hoteli linamchukua saa 10 alfajiri, na kurudi ni saa 1 usiku. Kutwa nzima kawakaangia watu mayai na kuwapangia matunda. Karudi na vibua alivyonunua kwa pesa yake, kaketi mkekani, ana njaa. Wewe umefumba macho unamshukuru Mungu kwa bahari, kwa wavuvi, kwa taifa na kwa wapendwa wote, na birika la maji liko karibu na goti lako. Mtu kaomba maji. Katika nyumba ya Kiswahili, awe Mkristo au Muislamu, mwenye mji akirudi akalazimika kuomba maji ya kunawa, mwenye kuona haya hapaswi kuwa yeye.

Wapenda Biblia, basi tuisome. Luka 18, yule Farisayo aliyepanda hekaluni. Sala yake inaanza na neno lilelile mnaloandika kwenye daftari lenu: Mungu, nakushukuru. Anashukuru kwamba yeye si kama watu wengine, wala si kama yule mtoza ushuru kule nyuma. Anataja na saumu zake, mara mbili kwa wiki. Kuna shukrani ambayo ni masengenyo yaliyovaa kanzu, na ile uliyoipeleka kwenye kikundi cha WhatsApp siioni tofauti yake. "Namshukuru Bwana kwa kunipa nguvu ya kumvumilia mume aliyepoa." Wapendwa 64 wamesoma. Mmoja wao mkewe anafanya kazi hotelini kwa mumeo, na hilo umeliandika kwa mshangao, eti hujui habari zilimfikiaje. Mwanangu, Unguja ni kisiwa. Ukikohoa Tomondo, Nungwi wanakwambia pole.

Halafu nenda Yohana 21. Wanafunzi wamekesha baharini hawakupata kitu, wamechoka, na Petro ana deni la kumkana Bwana mara tatu. Wanateremka pwani wanakuta nini? Moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Bwana kapika. Anawaita, "Njoni mfungue kinywa." Petro hakuulizwa swali hata moja la kiroho mpaka walipokwisha kula. Wewe una mpishi ndani ya nyumba na hujawahi kumpa sura hiyo aisome. Yeye ndiye angekufundisheni kitu hapo. Angewaambia watoto makaa ya samaki yanatakiwa yawe vipi, na kwamba aliyekuta makaa yameshika asubuhi ile ajue kuna mtu aliyatangulia kuyawasha na giza bado lipo.

Na kwa vile najua utanijibu kwa mistari, nakutilia mmoja zaidi. Petro huyohuyo, waraka wa kwanza, sura ya 3, anasema waume wasioliamini Neno huvutwa kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile neno. Pasipo! Na huyo anazungumza juu ya wasioamini. Wako kabatizwa, kaoa kanisani, na kwa maelezo yako mwenyewe Jumapili akipangwa zamu ya mchana huwahi misa ya asubuhi kwanza. Kupoa kwake nakuona kwenye mdomo wako tu.

Tuje kwa mavyaa wako. "Mkristo wa jina." Umesema katoka Masasi. Wajua Masasi ya Wakristo ilianzaje? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka hapahapa Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakaenda kuanzisha kijiji kule. Ni Steere huyohuyo aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa. Amezikwa humo, nyuma ya altare, tangu 1882. Biblia ya Kiswahili alikuwa akiifasiri na watu wa mji huu, maneno yao ya sokoni na jikoni yakaingia kwenye Maandiko. Hizo sala za kitabuni unazozicheka zilibeba watu ambao hawakuwa na kitu kingine cha kubeba. Bibi mzee anajua Zaburi kwa moyo, wewe watafuta ukurasa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Siku ukipata nafasi ingia Mkunazini, tazama nguzo za kule nyuma. Zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wakazisimika walivyojua wao, aliporudi akaziacha. Zipo mpaka leo na hakuna aliyeangukiwa. Mumeo huenda anasali kichwa chini kwa macho yako.

Hizo tambi za Ramadhani sizitolei hata hoja. Mavyaa wako kafika Unguja akatazama wenyeji wanaishije, akajua mwezi huu mtoto halishwi mandazi barazani mchana, na jioni sahani inavuka ua. Jirani naye Krismasi anakuja kukusaidieni kupepeta mchele wa pilau, umesema mwenyewe, ingawa umesema kama unalalamika kwamba anakaa sana. Huyo mama anaishi Injili kwa sahani.

Niseme na hili, si lako peke yako. Siku hizi ndoa zimejaa shukrani za hadharani. Siku ya kuzaliwa ya mume, picha saba mtandaoni, "asante Mungu kwa kunipa mfalme huyu", na mfalme mwenyewe yuko jikoni anajichotea chai kutoka chupa iliyopoa. Waume nao hivyohivyo, atasimama kanisani kutoa ushuhuda wa mke mwema, mke yupo benchi la nyuma anamtazama kama anamsikia mtu wa redioni. Zamani somo akimfunda mwari hapa kwetu alimwambia mambo mengine hayaandikiki, lakini kuna moja dogo: mtu akikuletea kitu nyumbani, kipokee kwa mikono miwili kabla hujakitazama ni nini. Leo kitu kinapigwa picha kwanza. Nimetoka nje ya mada, nisameheni, ila sijafuta.

Mumeo sikumsafisha kila kitu. Kununa si ibada, na mwanaume wa umri wake kuhamia kitanda cha mtoto ni utoto. Angekwambia siku ile ya kalamu nyekundu, tusingefika hapa. Akisoma haya ajue nimemwona. Lakini aliyeandika ni wewe, na dawa hupewa aliyekuja kwa mganga.

Kikundi cha WhatsApp uliingia kwa mlango wa mbele, utokee hukohuko. Andika kwamba ulimsema mumeo vibaya, kwamba ni mtu mwema na mchapakazi, na umemwomba radhi. Kwanza muombe kweli, usije ukadanganya tena. Wakikuuliza maswali usijibu.

Daftari lifunge. Usilichome, tafuta ule ukurasa wa supu ya pweza, ufute wino wako ikiwezekana, na kama haufutiki andika chini yake kwa kalamu ya kawaida: "Nami namshukuru." Liache wazi mezani uende zako. Usisimame mlangoni kutazama kama amesoma.

Kusoma Biblia nyumbani sikukatazi hata kidogo, ni jambo jema na watoto wako watalikumbuka. Lakini mtu aliyeamka saa 9 usiku hawezi kusikia Warumi saa 2 usiku. Siku yake ya mapumziko ni Jumatatu, someni Jumatatu jioni mapema, kifungu kifupi, asome yeye au mama yake, na wewe kwa mwezi mmoja uwe msikilizaji. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu. Mama asali sala zake za kitabuni, nawe uitike Amina kwa sauti ileile unayoitikia kwenye ushirika wako.

Leo usiku, akirudi, usimhubirie wala usimwombe mazungumzo. Chukua birika na beseni, mnawishe. Akistaajabu, mwache astaajabu. Mwambie, "Asante kwa samaki," hata kama leo kaleta mbatata.

Na jambo moja ulilitaja ukalipita mbio. Jirani alileta biriani siku ya Idi, hukuila, na sahani yake mpaka sasa iko kabatini kwako kwa sababu hujui umrudishie vipi. Muulize mavyaa wako apike nini kesho, kisha uipeleke wewe mwenyewe, na isirudi tupu.