Chanzo kinajulikana, mbona mama haponi?

SWALI: Mama yangu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Alzheimer miaka mitatu iliyopita. Nimesoma kwamba wanasayansi wanazijua protini zinazouharibu ubongo wake, na kwamba dawa ya kuziondoa imepatikana. Mbona basi daktari anasema hatapona? Tena, nimesikia protini hizo husambaa. Je, zaweza kuniambukiza mimi ninayemuuguza?

JIBU: Nianze na hilo la mwisho. Kumwogesha, kumlisha na kulala naye chumba kimoja hakuwezi kukuambukiza.

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1972 Stanley Prusiner, daktari wa neva wa Marekani, alifiwa na mgonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa unaoangamiza ubongo kwa miezi michache. Baada ya utafiti wa miaka kumi alidai kwamba kisababishi si virusi wala bakteria, bali ni protini tupu, aliyoiita prioni: ikikunjika vibaya, huzilazimisha protini zenzake zilizo nzima kukunjika vivyo hivyo. Wengi walimbeza, hadi alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Baadaye watafiti waliona mwenendo unaofanana na huo katika protini ya tau, ambayo katika Alzheimer hupita kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Hata hivyo, kusambaa ndani ya ubongo mmoja ni jambo moja, na kumwambukiza anayeuguza ni jambo jingine kabisa.

Sasa swali lako kuu. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliona mabonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani yake, tangu mwaka 1906. Leo tunajua kwamba mabonge ni ya protini ya amiloidi na nyuzi ni za tau. Shida ni wakati. Amiloidi huanza kujikusanya miaka kumi na mitano au zaidi kabla ya mtu kusahau jina la mjukuu wake, na dalili zinapojitokeza, seli nyingi za neva zimekwisha kufa. Dawa inayosafisha mabonge haizifufui.

Ndiyo maana napenda habari za lecanemab, dawa ya kuondoa amiloidi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, zisomwe kwa utulivu. Katika jaribio la watu wapatao 1,800 waliokuwa katika hatua za mwanzo, amiloidi ilipungua sana, lakini wagonjwa waliendelea kudhoofika, ila kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 27 katika miezi 18. Katika kipimo cha makali ya ugonjwa chenye alama 18, tofauti hiyo ilikuwa alama 0.45, kiasi ambacho familia huenda isikitambue. Katika jaribio hilo dawa ilitolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na huweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo, hasa kwa waliorithi jeni ya APOE4 kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa watafiti ni hatua kubwa, kwa sababu imeonyesha kwamba kuigusa amiloidi hubadili mwendo wa ugonjwa. Kwa mgonjwa mmoja mmoja ni faida ndogo yenye gharama yake.

Muulize daktari ugonjwa wa mama umefikia hatua gani. Ikiwa umepita ile ya mwanzo, lecanemab haikukusudiwa kwa ajili yake, na dawa kama donepezil, ingawa haizuii kufa kwa seli, yaweza kumsaidia kwa muda katika kumbukumbu na shughuli za kila siku.