Kutupa Karata Si Woga

SWALI: Ndugu Mhariri, nimecheza poka ya Texas Hold'em, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili na wote hutumia karata tano za mezani, kwa miezi michache na ninazijua kanuni zake pamoja na daraja za karata. Hata hivyo, chipu zangu huisha kabla ya za wenzangu. Mimi huingia karibu kila mgao kwa kuwa dau la mwanzo ni dogo, na nikishafikisha kopa nne, nikisubiri ya tano ili nipate karata tano za aina moja, sitoki, hata dau liwe kubwa namna gani. Je, ni bahati mbaya tu?

JIBU: Bahati haimo. Udogo wa dau la mwanzo ndio unaokuponza, kwa sababu hulilipi mara moja tu bali mgao baada ya mgao, na karata mbili zisizolingana hukosa kupata jozi katika karata tatu za kwanza za mezani takriban mara mbili kati ya tatu. Kuna namna 1,326 za kupata karata mbili za mwanzo, na ree mbili ni namna 6 tu kati ya hizo, yaani mara 1 katika kila migao 221. Sikuambii uzisubiri hizo peke yake, ila ingia ukiwa na jozi nzuri au karata kubwa mbili, na nyingine nyingi uzitupe bila kinyongo. Ukiwa miongoni mwa wa mwanzo kuamua, chagua kwa ukali zaidi. Anayeamua mwisho huwa ameshaona wenzake walivyofanya, nawe hujaona lolote.

Kuhusu kopa zako nne, hapo ndipo penye hesabu. Tuseme una kopa mbili mkononi, mbili nyingine zimo miongoni mwa karata nne za mezani, na imebaki moja tu kufunuliwa. Umeona karata 6. Zimebaki 46 usizozijua, na 9 kati yake ni kopa. Kitita, yaani chipu zote zilizokwisha kuwekwa mezani, kina chipu 80, mpinzani anaweka 40, nawe unatakiwa ulipe 40 ili uwanie 120. Ukikutana na hali hiyo mara 46, kwa wastani utashinda mara 9 na kupata 1,080, kisha utapoteza mara 37 na kutoa 1,480, kwa hiyo utakuwa umepungukiwa chipu 400 kwa ukaidi mtupu. Lakini angeweka 20 tu, ungeshinda 900 na kupoteza 740, na kulipa kungekuwa sahihi. Karata ni zilezile. Kilichobadilika ni bei yake. Hesabu hii, bila shaka, inachukulia kwamba kopa ya tano itakupa ushindi na kwamba hakuna dau jingine litakalofuata. Mpinzani mwenye tabia ya kulipa hata dau la mwisho hukuongezea faida, ilhali kopa zako zikiwa ndogo, mwenye ree ya kopa na kopa nyingine mkononi atakuzidi baada ya wewe kulipa kila kitu.

Hukuuliza kuhusu kutishia kwa dau kubwa ukiwa huna kitu, lakini wanaoanza hulipenda sana jambo hilo, nami nakushauri uliache kwa sasa. Tishio humwondoa mchezaji aliye tayari kutupa karata, na wewe mwenyewe umekiri kwamba hutoki; wenzako wakiwa kama wewe, nao hawatatoka.